Sabchifu Aliyehesabu Moshi

Mimi majina hayanipotei. Miwani hunipotea nikiwa nimeivaa, na ufunguo nimeutafuta mara nyingi ukiwa shingoni mwangu, lakini majina yanakaa. Naweza kukutajia wote tuliobatizwa siku moja kule Kadem, na ng'ombe wa baba yangu mmoja mmoja, hata yule mwekundu aliyekufa kabla sijaolewa. Kwa hiyo nisipomtaja Sabchifu kwa jina, usidhani nimezeeka kiasi hicho. Jina lake ninalo. Ila kijijini kwetu hakuna aliyelitumia. Hata mama yake mzazi alikuwa akiita, "Sabchifu, njoo ule." Nikianza leo, atageuka huko aliko aulize huyu mgeni ni nani.

Kwa serikali yeye alikuwa mtu wa mwisho. Juu kuna mkuu wa wilaya, chini yake chifu, chini ya chifu yeye, na chini yake, alivyosema mwenyewe, mbwa wake. Alikuwa na kofia ya kaki iliyomzidi kichwa, na fimbo ambayo sikuwahi kumwona akimpigia mtu. Aliitumia kujikunia mgongo, katikati ya hotuba, mbele ya baraza zima, na kama mkuno ulikuwa mtamu hotuba ilisimama. Baiskeli alikuwa nayo, lakini kilima chetu hakipandiki kwa baiskeli, kwa hiyo aliisukuma tu kila alikokwenda, kama mtu anayepeleka ng'ombe mgonjwa kwa daktari.

Kijiji chetu kiko upande wa Mbita, pale kilima kinaposhuka mpaka ziwani. Juu ya nyumba zote kuna jiwe kubwa ambalo mtu akisimama juu yake anatuona sote mpaka sufuria. Jioni, wanawake wakishawasha moto wa ugali, Sabchifu alipanda kwenye jiwe hilo akasimama mikono nyuma, akahesabu moshi. Nyumba hakuhesabu.

"Nyumba inasimama hata bila mtu, Nyar Kadem," aliniambia. "Moshi, lazima kuna mtu ameinama akapuliza."

Nyar Kadem ndiyo mimi, binti wa Kadem, kule Migori. Huku kwetu mwanamke akiolewa anabaki na jina la alikotoka, kwa hiyo mpaka leo, na meno yangu haya machache, bado mimi ni msichana wa watu.

Kilichonipandisha kwenye jiwe ni udhaifu wake. Majina yalimshinda kabisa. Sabchifu anayesahau majina ni kama mchungaji anayesahau sala, lakini ndivyo alivyokuwa. Angeweza kukusalimia kwa furaha akamuulizia mkeo, akataja mke wa jirani, na nyumba mbili zikalala zimenuna. Basi akawa ananipitia jioni: "Shemeji, twende ukanisomee kijiji." Shemeji, kwa sababu yeye na marehemu mume wangu, Nyandiga, walikuwa ukoo mmoja. Tukifika juu anaonyesha kwa fimbo, na mimi nataja. Ule wa Peres. Ule wa Dorka, leo ana kuni mbichi. Ule mweusi ni wa mzee Opiyo, anajipikia mwenyewe, anaunguza.

Watu walisema, kwa nini wasiseme? Mjane na shemeji yake juu ya jiwe jioni, hiyo hadithi inajisimulia yenyewe. Wangejua. Magoti yangu yalilia njia nzima kama mlango wa kanisa, na nikifika juu nilishika kiuno nikitafuta pumzi mpaka moshi wa kwanza ukawa umekwisha. Kama yale yalikuwa mapenzi, yalikuwa mapenzi ya mbuzi wazee, kila mmoja anatafuta pa kuegemea.

Kuhesabu moshi si wazimu, ingawa mwanzoni nilidhani ni wazimu. Ilikuwa ile miaka ya tisini ambapo kijiji kilikuwa kinapungua kama maji kwenye mtungi uliopasuka. Vijana walikwenda kukata miwa kule Awendo, walikwenda machimbo ya dhahabu ya Migori, walikwenda Nairobi na Mombasa. Kisha magugu yakaja yakafunika ziwa mpaka mtumbwi haupiti, na waliokuwa wamebaki kwa ajili ya samaki nao wakafunga mizigo. Kisha kulikuwa na ule ugonjwa. Hatukuutaja. Tulisema ni malaria, tulisema ni kifua, tulisema ni chira, yaani mtu amevunja mwiko wa wazee na mwiko unamla. Mimi mwenyewe nilikuwa bingwa wa kusema chira. Ningeweza kukueleza ni mwiko gani na uliwekwa na babu yupi, na sikuwa najua lolote.

Waliokwenda walirudi, lakini kwenye sanduku. Na hapa ndipo serikali ilipodanganyika. Kwetu mwanamume mzima hazikwi nyumbani kwa baba yake kama hana nyumba. Akifa mjini bila kuwa amejenga, ndugu zake wanajenga haraka kabla mwili haujafika, ili apate mlango wa kuingilia. Zamani ilikuwa kibanda cha nyasi. Miaka ile, kwa kuwa wageni wa mjini wangekuja na magari, ikawa nyumba ya mabati mapya, sakafu ya saruji, kufuli kubwa mlangoni. Mazishi yakiisha, kufuli linafungwa. Kwa hiyo kadiri tulivyokufa ndivyo kijiji kilivyong'aa.

Siku moja alikuja bwana mkubwa kutoka wilayani, mtu wa mbali asiyejua Kijaluo. Akasimama barabarani akakinga macho, akasema, "Sabchifu, naona maendeleo. Kila mahali mabati mapya."

Sabchifu akajikuna mgongo kwa fimbo, akajibu kwa Kijaluo, "Ndiyo, bwana mkubwa, tunaendelea vizuri sana kufa."

Sisi tukacheka, ndivyo tulivyokuwa. Yule bwana alipoona tunacheka naye akacheka, akampa Sabchifu mkono.

Usifikiri alikuwa mtu wa msimamo mmoja. Kabla ya hapo, serikali ilipotaka watu wapunguze kuzaa, ni yeye aliyesimama barazani kutuhubiria mpango wa uzazi. Alisema watoto wanne wanatosha, na anayetaka wa tano akamwazime jirani. Mimi niliyezaa wanane nilikaa nyuma ya Dorka, maana Dorka ni mpana, nisionekane. Yeye mwenyewe alikuwa na wake wawili na watoto ambao hata hawezi kuwataja bila mimi. Miaka haikupita mingi, akasimama pale pale, na kofia ile ile, akatuomba watoto.

"Sabchifu," mzee Opiyo akamwambia, "ulitwambia tufunge duka. Sasa umekuja kununua."

"Nilitumwa kuwaambia mfunge," akajibu. "Leo sijatumwa. Leo naomba."

Alichoomba kilitokana na shule. Shule yetu ya msingi ilikuwa na madarasa mengi na watoto wachache, na darasa la kwanza mwalimu alikuwa akimaliza kuita majina kabla chaki haijatoka kwenye boksi. Habari zikaja kwamba afisa wa elimu anataka kuifunga na kuwaunganisha watoto wetu na shule ya ng'ambo ya mto. Mto wetu wakati wa kiangazi ni wa kuchekesha, kuku anavuka. Mvua ikinyesha kule juu milimani unashuka bila kubisha hodi. Ulimchukua Odhiambo wa Agnes akitoka kutafuta mbuzi, na Odhiambo alikuwa anajua kuogelea.

Sabchifu alituambia barazani bila kujikuna hata mara moja, na ndipo nikajua ni jambo kubwa. "Shule ikienda, akina mama wenye watoto wadogo wataenda nayo. Zahanati itafuata. Halafu watakuja kuniambia sehemu yetu imeunganishwa na ya jirani, na mimi nirudishe kofia. Mimi kofia nitarudisha. Nyinyi mtabaki mnaangaliana."

Afisa alikuwa aje ajionee mwenyewe kama kijiji bado kina watu. Sabchifu akafikiri, na kwa kuwa yeye aliamini moshi, alidhani na afisa anaamini moshi. Akatuita wajane. Akatugawia nyumba zenye kufuli, kila mmoja awashe moto ndani siku afisa atakapopita, ili kila bati litoe moshi.

Hakuna aliyenyoosha mkono kupokea ufunguo. Mtu wa kwetu atajua kwa nini. Mwanamume anajenga, lakini nyumba inakuwa nyumba siku mwanamke anapowasha moto ndani yake, na yule anayewasha ndiye mwenye nyumba. Ukiwasha moto katika nyumba ya mtu, umejiolesha. Hakuna harusi kubwa kuliko hiyo.

"Sabchifu," Dorka akasema, "unataka tuolewe na maiti?"

"Nyinyi mmeshamaliza mambo ya kuolewa. Ndiyo maana nimeita wajane."

"Nani amekwambia tumemaliza?"

Wakaondoka wote, mmoja baada ya mwingine, wakitingisha vitambaa vya kichwa. Nilibaki mimi. Ningependa kusema nilibaki kwa sababu ya mto na ya Odhiambo. Nilibaki kwa sababu magoti yalikuwa yamekufa ganzi, na nilipoweza kusimama wengine walikuwa wameshatoka na Sabchifu amenishika mkono ananishukuru.

Nikapewa nyumba ya Okoth, mtoto wa Peres, aliyeletwa kutoka Nakuru. Kijana mzuri, mrefu, nilimbeba mgongoni akiwa mchanga. Bati lake lilikuwa bado jipya. Nikafungua kufuli, nikakuta sakafu safi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuikanyaga ila wabeba sanduku. Nikapanga mawe matatu, nikaweka kuni, na juu nikaweka majani mabichi na mavi ya ng'ombe yenye unyevu, maana nilitaka moshi wa kuonekana mpaka kisiwa cha Rusinga. Nikapuliza. Ulipokolea nikakumbuka kwamba nyumba ya bati si ya nyasi. Nyasi zinavuja moshi, bati halivuji. Na dirisha sikufungua.

Nilitoka mle ndani kwa miguu minne. Kitambaa changu cha kichwa kilikuwa kinafuka, machozi, kamasi, kila kitu, na nilipoinua uso nikaona viatu. Viatu vyeusi vilivyopakwa rangi vizuri sana. Juu ya viatu alikuwa afisa wa elimu, na nyuma yake Sabchifu anaangalia mawingu.

"Pole, mama," afisa akasema. Alikuwa mtu mpole. "Hii ni nyumba yako?"

"Ndiyo."

"Na mzee yuko wapi?"

Mimi, badala ya kusema amekwenda sokoni, kama mtu yeyote mwenye akili, nikaonyesha kaburi lililo pembeni mwa mlango. "Huyu hapa."

Akasogea, akainama, akasoma kwenye saruji mwaka wa kuzaliwa wa Okoth. Akanigeukia akaangalia mvi zangu. Akasoma tena.

"Mzee wako alikuwa kijana, mama."

"Nilimlea mwenyewe," nikasema. Ilikuwa kweli, lakini sikuhitaji kuisema.

Afisa alicheka mpaka akashika gari. Halafu akaacha kucheka, akamwambia Sabchifu bila ukali, "Moshi nimeuona. Sasa nionyeshe watoto. Mwezi wa kwanza shule zikifunguliwa nitarudi. Nikikuta darasa la kwanza lina watoto, nitanyamaza. Nisipokuta, wavuke mto."

Tangu siku hiyo mimi ni mke wa Okoth. Peres, ambaye nimemzidi umri, alikuja asubuhi yake akasimama mlangoni kwangu na mtungi. "Mke wa mwanangu," akasema, "jua limetoka na mama mkwe hana maji." Nilimfukuza kwa mwiko. Alirudi kesho yake. Mtu aliyezika mtoto wa mwisho akipata kitu cha kumchekesha, utamnyima? Siku nyingine nilimpelekea hayo maji.

Moshi uliposhindwa, Sabchifu akatunga sheria yake mwenyewe. Kibali cha mazishi kilikuwa kinatoka mkononi mwake, ndiyo nguvu pekee aliyokuwa nayo duniani. Akatangaza: yeyote aliye mjini anayetaka kuja kuzikwa hapa, alete kwanza mtoto asome hapa. Hana mtoto hapa, hana kibali. Habari hiyo ilifika Nairobi na Mombasa haraka kuliko habari ya kifo. Kwenye vyama vyao vya mjini wakamtukana usiku na mchana. Wengine walisema watamshtaki. Hata chifu alimwita akamwuliza sheria hiyo ameisoma wapi.

"Sijaisoma," akasema. "Wanataka udongo wetu wakiwa wamekufa. Wakiwa hai wanapeleka kila kitu kwingine."

Nikamtumia mwanangu Ouma habari, huko Mombasa. Alikuwa na nyumba hapa, bati na kufuli, na binti wa umri wa darasa la kwanza, Awuor. Ouma akajibu kupitia kwa mtu: "Mwambie Sabchifu alete wake kwanza."

Jibu hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa la haki. Watoto wa Sabchifu hawakuwa kijijini. Mke wake wa pili aliuza vitambaa sokoni Migori, amepanga nyumba huko, na watoto wote wako huko wanasoma shule zenye sare ya soksi ndefu. Mke wa kwanza, Mikayi, alikuwa amekufa zamani, na nyumba yake ya nyasi ilisimama katikati ya boma lake bila moto. Mtu aliyehesabu moshi wa kijiji kizima, kwake hapakufuka. Alikula kwa mama yake, na mama alipokufa alikula kwetu sote kwa zamu, akisema amekuja kukagua. Tukiwa juu ya jiwe fimbo yake ilitembea kutoka mtoni mpaka ziwani, na ikifika kwake iliruka. Kwa muda mrefu sikuuliza. Mimi ninayeuliza kila kitu.

Siku hiyo nikamfikishia jibu la Ouma, neno kwa neno.

"Yule wa Migori amekataa," akasema. "Anasema watoto wake hawatasomea mahali ambapo mwalimu analala. Mimi, shemeji, ni refa. Napuliza filimbi vizuri. Mpira haunijui."

"Na kwa Mikayi? Mbona hawashi mtu?"

"Nani awashe? Nikimwambia dada yangu awashe ni mwiko. Nikimwambia mwanamke mwingine, nimeoa. Mimi nimechoka kuoa, Nyar Kadem."

Nilimshika bega tukashuka, na kila mtu alituona, na kesho yake kijiji kizima kilikuwa na habari.

Mwezi wa kwanza ulipokaribia, watoto hawakuwepo. Kisha akaletwa Odongo kutoka Mombasa. Mkewe hakuja, alikuwa amelala huko hajiwezi. Lori lilisimama chini ya kilima, wakashusha sanduku, na baada ya sanduku wakashusha watoto watatu, wadogo wawili wanaolingana na mmoja mkubwa kidogo aliyekumbatia mkoba wa shule kama mtu atamnyang'anya. Kaka yake Odongo, Were, akawapanga mbele ya Sabchifu, watu wote wamesimama.

"Tumesikia sheria yako," akasema. "Tumeleta."

Sabchifu akatoa kibali. Mkono wake sikuuangalia, niliangalia kofia, aliivua akaibana kwapani. Kabla shule hazijafunguliwa walikuja wengine kwa njia hiyo hiyo. Watoto wa Achieng kutoka Nakuru. Mtoto wa Omolo kutoka machimboni. Mapacha ambao hata wenyewe hawakujua kijiji chao kinaitwaje, nikawaambia. Kila lori lilishusha sanduku na darasa la kwanza.

Jioni hizo hakupanda kwenye jiwe. Barazani alisimama akasema, "Ile sheria ya mtoto, isahauni."

"Tutaisahau vipi," akauliza mzee Opiyo, "na imefanya kazi?"

Sabchifu alikaa chini kabla baraza halijaisha, nasi tukabaki hatujui kama tuondoke.

Afisa wa elimu alirudi alivyoahidi, akakuta darasa limejaa mpaka wengine wamekaa sakafuni. Hakuuliza wametoka wapi. Alimsifu Sabchifu mbele ya wazazi, ingawa wazazi wenyewe tulikuwa bibi tupu, akasema huu ndio mfano wa kurudisha watu vijijini. Tukapiga makofi. Sabchifu alizipokea hizo sifa kama mtu aliyepewa mzigo wa abiria mwingine, anatafuta amrudishie nani. Shule haikufungwa. Mto ukajaa mwezi wa nne, na watoto wetu walikuwa upande wetu.

Hata Ouma alileta Awuor, yeye mwenyewe akiwa mzima, akaniambia ni muhula mmoja tu. Awuor aliuliza swichi iko wapi. Nikamwonyesha kibiriti. Alilia kwa wiki nzima, nami nililia naye, kwa sababu alikuwa akikataa omena, dagaa wa ziwa letu, na mimi sikuwa najua kupika kitu kingine. Muhula huo uliisha alipomaliza darasa la nane.

Nilimwona Sabchifu mara ya mwisho Migori, miaka ile ya tisini ikielekea kwisha. Alikuwa amestaafu, miguu imevimba, na mkewe alimchukua akae karibu na hospitali. Mimi nilikuwa nikienda Kadem, kwetu, nikapita sokoni kumpelekea samaki. Nikamkuta nyuma ya maduka, kwenye ua wa saruji, amekaa kwenye kiti cha plastiki bila kofia. Kumbe alikuwa na upara. Miaka yote hiyo sikujua. Ndani mkewe alikuwa anapika kwa gesi, unasikia harufu ya kitunguu na huoni kitu.

"Nyar Kadem," akasema. Jina langu hakuwahi kulisahau, nadhani kwa sababu si jina. "Moshi uko?"

"Uko."

"Nisomee."

Nikavuta ndoo nikakaa. Nikaanzia mtoni. Wa Agnes upo, na anapika kwa wawili siku hizi. Wa Dorka, kuni mbichi kama kawaida. Wa Peres, yule mtoto mkubwa wa Odongo anamsaidia kupuliza. Kwa watoto wa Achieng, bibi yao amechoka lakini anawasha. Mzee Opiyo hayupo tena, lakini nyumba yake anawasha mtoto wa dada yake. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, naye amefumba macho, na kidole chake kinatembea juu ya goti kama ile fimbo. Nilipokaribia kwake kidole kikasimama, tayari kuruka.

"Na kwa Mikayi," nikasema.

Akafungua macho.

"Kwa Mikayi pia uko. Mdogo, lakini uko."

"Nani amewasha?"

"Mimi."

Ndani mkewe aliacha kugeuza kitunguu.

"Shemeji, unajua maana yake."

"Najua. Mimi ni mke wa Okoth tayari. Mume mmoja zaidi ataniongezea nini?"

Alianza kucheka polepole, kifua kikamkwama, akacheka tena. Akapangusa macho kwa kiganja. "Basi mwambie Okoth," akasema, "ndugu yake anakuja."

Kadem sikufika. Niligeuza njia siku hiyo hiyo. Nilipofika kwetu jua lilikuwa bado juu ya maji, na kikapu sikukiweka chini. Nikachota kaa la moto kutoka mekoni kwangu, nikaliweka kwenye kigae, nikapanda nalo mpaka kwenye boma lake. Peres aliniona kutoka kisimani. "Mke wa mwanangu," akaita, "unakwenda wapi na moto wa mwanangu?" Sikumjibu, nilikuwa nahifadhi pumzi. Mlango wa Mikayi ulikuwa umefungwa kwa kamba tu. Mafiga yake matatu yalikuwa pale pale, na majivu ya zamani yamekuwa magumu kama udongo. Nikapiga magoti, yakalia. Nikaweka nyasi, nikaweka kuni kavu, nikapuliza.

Safari hii sikusahau dirisha.